Gari Linapotoa Mlio Usio wa Kawaida: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kumpata Fundi wa Kuaminika

Mwenye gari anapofika gereji na kusema, "Fundi, nibadilishie shokapu za mbele," fundi atabadilisha shokapu, atapokea malipo yake na kumkabidhi ufunguo. Gari likiendelea kugonga kwenye tuta la kwanza, fundi hana kosa, kwa kuwa amefanya alichoagizwa. Lakini mwenye gari anayesema, "Gari linagonga mbele kushoto kila nikipita kwenye tuta kwa mwendo mdogo, liwe limepoa au limepata moto, na nikikanyaga breki mlio haubadiliki," amempa fundi kazi nyingine kabisa, yaani kutafuta chanzo na kuwajibika kwa jibu atakalolitoa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mwongozo huu. Huhitaji kuwa fundi ili kuufuata. Unachohitaji ni kusikiliza kwa utaratibu, kuandika ulichosikia, kisha kumpelekea fundi mlio pamoja na mazingira yake na kuacha jina la spea litoke kinywani mwake.

Kabla ya kufungua boneti

Anza na vitu ambavyo si sehemu ya gari. Jeki iliyolegea kwenye buti, spana ya magurudumu, tairi la akiba ambalo halikufungwa sawasawa na hata kibao cha namba kilichopoteza skrubu moja vinaweza kutoa kishindo kinachofanana na cha shokapu mbovu. Toa kila kitu kwenye buti, angalia chini ya viti, kisha endesha gari kwenye njia ileile ulikousikia mlio. Chupa ya maji inayobiringika sakafuni iondoe hata kama hutafuti mlio wowote, kwa sababu inaweza kunasa chini ya pedeli ya breki.

Ukishajiridhisha kwamba mlio ni wa gari lenyewe, andika kwenye daftari au kwenye simu ni wakati gani unasikika. Je, ni asubuhi injini ikiwa imepoa, au ni baada ya kutembea mpaka injini ikapata moto? Ni kwenye mwendo gani? Ni ukikata kona ya kulia, ya kushoto, au zote mbili? Ukikanyaga breki unaongezeka, unapungua au unabaki vilevile? Ukiwasha kiyoyozi je? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini kila jibu huondoa nusu ya sehemu za gari kwenye orodha ya washukiwa. Mwombe pia mtu mwingine aendeshe huku wewe umekaa kiti cha nyuma, kwa sababu kishindo husafiri kwenye chuma cha bodi, na dereva aliyezoea kiti chake huweza kudai kwamba mlio unatoka kulia kumbe unatoka kushoto. Njia nyingine ni kupita polepole kando ya ukuta mrefu huku dirisha la upande wa ukuta likiwa wazi, kwani ukuta huurudisha mlio wa magurudumu sikioni.

Baada ya hapo fanya jaribio moja linalotenganisha mambo makubwa. Egesha gari mahali tambarare penye hewa ya kutosha, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P au, kwa gari la gia za mkono, kwenye nyutro, kisha kanyaga mafuta taratibu mpaka mshale wa mizunguko ya injini ukaribie 2,500 kwa dakika. Ikiwa mlio unasikika na unaongezeka kadiri injini inavyoongeza mizunguko, chanzo kiko kwenye injini, kwenye mikanda yake au kwenye bomba la moshi. Ikiwa gari limetulia kimya lakini mlio hurudi mara tu magurudumu yanapozunguka, tafuta chini ya gari. Jaribio hili halichukui muda wala halina gharama, na limewaokoa watu wengi na safari za bure kwa fundi wa injini wakati tatizo lilikuwa kwenye gurudumu.

Milio ya chini ya gari

Katika miji yenye matuta kila mtaa na barabara za vumbi zilizochimbika, hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea kwa kubahatisha. Tuanze na stabilaiza linki, kijiti kifupi chenye kifundo kila ncha, kinachounganisha ufito wa stabilaiza na shokapu au mkono wa chini wa gurudumu. Kifundo kikilegea, gari hugonga "ko-ko-ko" kwenye mashimo madogo madogo kwa mwendo mdogo, na hunyamaza kwenye lami iliyonyooka. Ni spea ya bei ndogo kuliko shokapu, na mara nyingi ndiyo inayogonga huku shokapu ikibebeshwa lawama. Shokapu iliyokwisha hujitambulisha kwa njia nyingine: huvuja oili mwilini, na ukiikandamiza kona ya gari kwa nguvu kisha ukaiachia, kona hiyo huendelea kunesanesa badala ya kupanda mara moja na kutulia. Bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini zilizopasuka kwa kawaida hutoa kishindo kimoja kizito unapokanyaga breki au unapobadilisha kutoka kwenda mbele kwenda rivasi. Na mlio wa springi inayoruka unapokata usukani gari likiwa limesimama huelekeza kwenye mauntingi ya juu ya shokapu.

Boljointi, kifundo kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini, na tairodi, fimbo inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye gurudumu, hazifai kuahirishwa hata kwa wiki moja, kwa sababu kifundo cha boljointi kikichomoka, gurudumu hulala na gari halishikiki tena. Namna ya kuzikagua inafaa ijulikane na kila mwenye gari, hata kama kazi yenyewe ataifanya fundi. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi za chuma. Usikubali mtu yeyote aingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Fundi hushika tairi juu na chini, kisha hulitikisa akivuta upande mmoja na kusukuma upande mwingine. Kama linacheza, msaidizi hukanyaga breki na fundi hutikisa tena. Mchezo ukitoweka breki ikiwa imekanyagwa, tatizo ni beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, tazama boljointi. Kisha hushika tairi kushoto na kulia na kurudia, na hapo tairodi iliyolegea hujionyesha. Fundi anayefanya hivi kwenye gurudumu bovu, halafu akalitikisa na lile zima la upande wa pili ili alinganishe, anajua kazi yake.

Beringi ya gurudumu ina mlio wake usiosahaulika. Huanza kwa mvumo mdogo, mara nyingi kwenye mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, na hupanda pamoja na mwendo bila kujali gia uliyoweka. Ukikata kona ya kushoto, uzito wa gari huegemea magurudumu ya kulia, hivyo mvumo ukizidi kwenye kona ya kushoto, shuku beringi ya kulia, na kinyume chake. Tatizo ni kwamba tairi lililolika vibaya nalo huvuma karibu vivyo hivyo. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yaani meno yake: kama unahisi mabonde na vilima, badilisha matairi ya mbele yaende nyuma, kisha sikiliza kama mvumo umehama nayo. Tena, mvumo wa tairi hubadilika unapotoka lami chakavu kuingia lami mpya, ilhali wa beringi haubadiliki. Gurudumu likiwa limeinuliwa, fundi hulizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika springi. Beringi mbovu huhisiwa ikikwaruza mpaka kwenye vidole. Beringi hubadilishwa ile mbovu tu. Shokapu hubadilishwa mbili za mbele au mbili za nyuma kwa pamoja, na breki pedi vilevile, kwa hiyo fundi anayekuambia ununue shokapu mbili hakuibii.

Mlio wa "ka-ka-ka-ka" unaosikika unapokata usukani mpaka mwisho na kukanyaga mafuta, kwa mfano unapogeuza gari, ni wa sivi jointi ya nje, yaani kiungo cha ekseli kilicho upande wa gurudumu. Tazama mpira wake nyuma ya gurudumu: ukikuta umechanika na grisi imeruka kwenye upande wa ndani wa rimu, umepata jibu. Mpira uliochanika mapema, kabla mlio haujaanza, unaweza kubadilishwa peke yake pamoja na grisi mpya. Mlio ukishaanza, vumbi limeshaila jointi yenyewe na mpira mpya hautasaidia. Ndiyo maana inafaa kuinama na kutazama mipira hiyo kila unapobadilisha oili.

Jambo moja zaidi kuhusu magurudumu. Kama kishindo au mtikisiko umeanza muda mfupi baada ya kuzibwa pancha, simama papo hapo na ukaze nati, kisha zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kuhusu breki, mlio mwembamba wa "kwiii" unaobadilika unapogusa pedeli mara nyingi ni wa kibati kidogo kilichowekwa kwenye pedi kwa makusudi, ili kiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Pedi mpya huwa na unene wa takribani milimita 10, na inapofika milimita 3 ibadilishwe. Sauti ya chuma kusaga chuma maana yake ni kwamba onyo hilo lilipuuzwa na sasa diski inaliwa. Kwa upande mwingine, mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, hasa katika miji ya pwani yenye unyevunyevu wa chumvi, ni kutu nyepesi juu ya diski na huisha baada ya kukanyaga breki mara chache. Mkwaruzo wa ghafla baada ya kupita barabara ya kokoto huenda ni jiwe dogo lililonasa kati ya diski na bati lake la kinga. Kurudi rivasi taratibu huweza kulidondosha. Lisipodondoka, fundi hulitoa kwa dakika chache, na malipo yake yafanane na dakika hizo.

Milio ya injini na bomba la moshi

Mkanda wa feni hulia kwa sauti kali unapowasha gari asubuhi, unapowasha kiyoyozi au, kwa magari yenye pawa stelingi ya mafuta, unapokata usukani mpaka mwisho. Jaribio lake ni kunyunyiza maji kidogo kwenye upande wenye mifereji ya mkanda injini ikiwa inazunguka polepole. Mlio ukinyamaza kwa muda, mkanda umekakamaa au puli hazijanyooka. Ukizidi, mkanda umelegea. Nyunyiza ukiwa mbali kidogo, ukiwa umefunga nywele, mikono ya shati na mtandio, na kumbuka kwamba feni ya rejeta inayotumia umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata baada ya injini kuzimwa.

Kama mlio si wa mkanda, huenda ni wa kitu kinachozungushwa nao: altaneta, pampu ya maji, kompresa ya kiyoyozi au puli ya kukazia. Fundi mzoefu huchukua bisibisi ndefu, huweka ncha yake kwenye mwili wa altaneta, mbali na mkanda, na mpini wake sikioni. Kisha huhamia kwenye pampu, kisha kwenye kompresa, akilinganisha. Beringi iliyokauka husikika wazi kwenye bisibisi, wakati sikio tupu linasikia kelele za injini nzima tu.

Ndani ya injini kuna milio ya aina mbili ambayo lazima itofautishwe. "Tik tik tik" nyepesi juu ya injini mara nyingi hutokana na valvu, na jambo la kwanza ni kupima oili kwa kijiti chake. "Ngo, ngo, ngo" nzito ya chini, inayozidi unapopanda mlima au unapokanyaga mafuta, huweza kuwa ya beringi za konrodi, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na krenkshafti. Hapo zima injini na uite brekidauni, kwa sababu gharama ya kuvutwa ni ndogo sana ikilinganishwa na ya konrodi iliyotoboa bloku. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, amri ni hiyohiyo: egesha na uzime, usijiambie kwamba gereji haiko mbali. Mkwaruzo wa sekunde chache unapowasha injini iliyolala usiku kucha unaweza kuwa wa cheni ya taiming, inayopanga muda wa valvu kufunguka, iliyolegea au kikazio chake kilichochoka. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox, IST na baadhi ya Vitz zilizojaa barabarani kwetu, hutumia cheni wala haina mkanda wa taiming. Fundi anayemwambia mwenye gari la namna hiyo kwamba mkanda wa taiming umefika muda wa kubadilishwa hajawahi kuifungua injini hiyo, au anatafuta fedha.

Bomba la moshi lililotoboka karibu na injini hupiga "puf-puf-puf" kwa nguvu gari likiwa limepoa na kupungua chuma kinapopata moto na kutanuka. Usilivumilie kwa sababu tu kelele imepungua: moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuingia ndani ya gari na kuua. Bati la kukinga joto lililokatika kwa kutu hutoa mlio wa kutetemeka injini ikiwa inanguruma polepole, na mara nyingi klempu moja hulimaliza. Halafu kuna masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter) kilicho kwenye bomba hilo. Masega yakivunjika ndani ya kasha lake, hugongana na kutoa sauti ya vigae. Lakini masega yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo yana soko, na wapo mafundi wanaoshauri yang'olewe "gari lipumue" bila kusema yanakwenda wapi. Kama kweli yamevunjika, omba uoneshwe vipande, na kasha la zamani liondoke na wewe.

Mashine haisikii mlio

Siku hizi gereji nyingi hupima gari kwa mashine, na wateja wengi huamini kwamba mashine imeona kila kitu. Mashine husoma hitilafu zilizorekodiwa na kompyuta ya gari kupitia sensa zake. Beringi ya gurudumu, boljointi, bushi na stabilaiza linki katika magari mengi hazina sensa ya kuzisikiliza, hivyo gari linaweza kugonga mtaa mzima ukasikia na mashine isioneshe kosa lolote. Kipimo kina manufaa taa ya injini ikiwa imewaka. Kwa mlio wa chini ya gari, kinachohitajika ni jeki, tochi na mikono ya mtu anayejua.

Kumtafuta fundi

Tafuta fundi gari likiwa zima. Anayemtafuta fundi akiwa amekwama barabarani huchukua yeyote aliye karibu, na huwa hana nafasi ya kupatana bei. Waulize wenye magari ya aina yako, hasa madereva wa teksi na wa magari ya mizigo midogo, kwa sababu gari lao likilala gereji siku mbili wanakosa riziki, na hawarudi kwa fundi aliyewaharibia. Swali la kuwauliza lisiwe "nani fundi mzuri?" bali "nani alitengeneza la kwako, na je, tatizo lilirudi?"

Cheti kina uzito wake. Tanzania kuna mafunzo ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Hata hivyo sikubali kwamba kila gereji bubu, yaani isiyo rasmi, chini ya mwembe ni ya kukimbiwa. Wapo mafundi hodari wasio na paa, na wapo wababaishaji wenye ofisi ya vioo. Mpe fundi mpya kazi ndogo kwanza, kama kubadilisha oili au breki pedi, na usimame umtazame. Je, boliti anazoziondoa anaziweka kwenye kopo au anazitupa kwenye mchanga? Je, nati za gurudumu anazianza kwa vidole, kisha anazikaza kwa kupishanisha, au anaichukua moja na kuikaza mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine? Mikono ya mtu kwenye kazi ndogo ndiyo mikono atakayoingiza kwenye injini yako.

Siku unayopeleka mlio, dalili ya kwanza ya fundi wa kweli ni kwamba ataomba mwende wote. "Twende tukausikie, kaka," ndiyo kauli unayoitafuta. Akitaja spea kabla hajawasha gari, shukuru na uondoke. Akisema hajui na akakuelekeza kwa fundi umeme au fundi wa gia boksi, mhesabu kuwa wa kuaminika zaidi, kwa kuwa ameacha fedha ipite ili asikudanganye. Na akitaka kubadilisha vitu vitano kwa mkupuo, mwambie abadilishe kile anachokiamini zaidi, mjaribu gari, ndipo muendelee.

Kwenye spea ndiko urafiki mwingi huvunjika. Fundi akienda peke yake dukani, mara nyingi huweka cha juu, na akija nayo huna njia ya kujua kama ni halisi, feki au mtumba. Nendeni pamoja, wewe ulipe na udai risiti, yeye akague. Lakini ukifanya hivyo, mlipe hela ya ufundi inayostahili. Mteja anayemkandamiza fundi mpaka senti ya mwisho kwenye ufundi anamsukuma akaitafute kwenye spea, na hapo wote wawili wamekosea. Kabla ya kuacha gari, piga picha za betri, matairi, redio na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, na tuma makubaliano kwa ujumbe wa simu: kazi gani, kwa bei gani, na kwamba hakuna nyongeza bila kupigiwa simu. Spea ya zamani idai irudishwe mikononi mwako kila mara.

Wanaosafiri kwenda mikoani mwezi Desemba wafanye haya yote wiki mbili au tatu kabla ya safari, siyo jioni ya kuamkia safari. Mvumo wa beringi unaovumilika kwenye foleni ya Dar es Salaam ni hatari nyingine kabisa kwa mwendo wa barabara kuu, na breki zinazosaga hazipaswi kuuona mteremko mkali wa Kitonga, kwenye njia ya kwenda Iringa.

Kazi ikikamilika, usimalize malipo gari likiwa limesimama. Chukua maandishi yako ya mwanzo, mweke fundi kiti cha abiria, na mrudie mazingira yaleyale: tuta lilelile, mwendo uleule, kona ileile, na kama mlio ulikuwa wa asubuhi, basi gari lilale na lijaribiwe asubuhi. Kama tairodi, boljointi au mkono wa chini vimeguswa, peleka gari kwenye alaimenti ya magurudumu, yaani kuyanyoosha yaelekee sawa, kabla matairi hayajaanza kulika upande. Mlio ukirudi baada ya siku chache, rudi kwanza kwa fundi yuleyule ukiwa na risiti, ujumbe wa makubaliano na spea ya zamani, kwa sababu gari likishafunguliwa na fundi wa pili, wa kwanza hatawajibika tena.